Muulize Karani: Kabla hajasema "ni kweli"

Barua za mwezi huu nyingi ni za jambo moja: kijana kashikwa, na nyumba nzima haijui pa kuanzia. Nimechagua tatu. Kwa msomaji mgeni, mimi si wakili. Nilikuwa karani na mkalimani wa mahakama hapa Pwani kwa miaka 24, nikisimama baina ya hakimu na kizimba, Kiingereza kikiingia sikio hili na Kiswahili kikitokea mdomoni. Niliyoyaona nayasema. Kesi yenyewe ina watu wake.

*

Shikamoo Bi Karani. Mimi ni mama wa Kisauni, nauza mahamri na mbaazi. Mwanangu ana miaka 22 na anaendesha tuktuk ya mtu. Usiku mmoja alisimamishwa na polisi akiwa na abiria wawili. Chini ya kiti cha nyuma wakatoa mfuko wa karatasi, ndani mna misokoto mitano ya bangi. Abiria mmoja alikimbia, mwingine aliachiliwa kituoni, sijui kwa nini. Mwanangu alifikishwa kortini akakana. Amepewa dhamana ya shilingi 20,000 pesa taslimu, hatuna, kwa hivyo yuko rumande Shimo la Tewa. Kesi itatajwa mwezi ujao. Kaka yangu anasema abadilishe jibu aseme ni kweli, atapigwa faini ndogo arudi nyumbani. Na pale kortini kuna bwana mmoja ameniambia nimpe 15,000 atanimalizia hayo mambo. Mwanangu alikuwa ameanza kutafuta karatasi za kwenda kufanya kazi Qatar. Nifanye nini?

Mama Tuktuk, Kisauni

Marahaba, mamangu. Nilikupigia simu tukazungumza, na umeniruhusu niyaweke hapa ili wengine wapate kusoma.

Nianze na kaka yako, maana ushauri wake nimeusikia kwenye kila benchi la korti nililowahi kupita. Watu huona "ni kweli" kuwa njia ya mkato. Nitakuambia kisa changu mwenyewe, na sijivunii.

Nilikuwa na mwaka wa tatu kazini. Jumatatu, majalada ya wikendi yamepanda mezani kama chapati za hitima. Akasimamishwa kijana wa Kigiriama, shati lake halina hata kifungo kimoja, amelishika mbele kwa mkono. Nikamsomea shtaka: ulipatikana na misokoto saba ya bangi mahali fulani, tarehe fulani, ni kweli au si kweli? Akajibu, "Ni kweli, walinishika hapo." Nikageuka kwa hakimu nikamwambia kwa Kiingereza kwamba amesema ni kweli. Yale maneno mengine mawili, "walinishika hapo", niliyaacha yakaanguka sakafuni, kwa sababu nilikuwa na haraka. Hakimu akaandika. Kiongozi wa mashtaka akasoma maelezo ya kesi, nami nikamuuliza kijana kama maelezo ni kweli. Akasema, "Mimi nilikuwa nimeketi tu. Mfuko ni wa mwenye duka."

Hakimu akaweka kalamu chini akanitazama kwa juu ya miwani. Hakusema neno. Akaifuta ile sentensi, akaandika kwamba mshtakiwa amekana. Siku ile nilirudi nyumbani bila kununua hata ndizi.

Kijana yule alikuwa akikubali kwamba alishikwa. Hakukubali kwamba bangi ni yake. Kwa masikio ya nyumbani, "ni kweli" ni maneno ya kukubali kwamba jambo lilitokea. Kortini ni kukiri kosa na kila kiungo chake. Ndiyo maana tangu kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, iliyoamuliwa mwaka 1973 na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, hakimu hawezi kushika neno la kwanza akafunga jalada. Shtaka lisomwe kwa lugha ambayo mshtakiwa anaielewa, maelezo yasomwe, naye apewe nafasi ya kuyapinga. Akiyapinga, jibu linabadilishwa kuwa la kukana. Ila si kila siku utapata hakimu wa kukutazama kwa juu ya miwani.

Na ubaya wa hiyo njia ya mkato uko mbele. Mtu akihukumiwa kwa kukiri mwenyewe, sheria ya mwenendo wa kesi za jinai inamfungia mlango wa rufaa juu ya hatia. Kinachobaki ni kulalamikia adhabu, ukubwa wake au uhalali wake. Mwaka kesho yule abiria akipatikana akasema mfuko ulikuwa wake, kumrudisha mwanao nyuma kutakuwa kazi ngumu sana.

Sasa hiyo "faini ndogo". Tangu sheria ya dawa za kulevya irekebishwe 2022, mtu aliyepatikana na bangi akairidhisha mahakama kwamba ilikuwa ya matumizi yake mwenyewe anakabiliwa na faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miaka 5. Hicho ndicho kiwango cha juu. Hakimu anaweza kushuka sana, anaweza kutoa kifungo cha nje chini ya afisa wa probesheni, anaweza kumpa mtu kazi ya jamii akafyeke nyasi za zahanati. Lakini ni hiari yake, si bei iliyobandikwa ukutani. Kaka yako alisikia ya jirani aliyelipa elfu tano. Mimi nimewasomea hukumu waliokuja na elfu tano hiyohiyo mfukoni, wakaondoka kwa lori la magereza.

Halafu Qatar. Alama za vidole zake zimeshachukuliwa. Akihukumiwa, hukumu inaingia kwenye rekodi, na siku atakapokwenda kuomba cheti cha tabia njema, ambacho maajenti wa kazi za Ughaibuni hukiulizia mapema kabisa, itakuwa imemtangulia. Kaka yako hilo hakulihesabu.

Kwa hivyo kwanza tuulize: kosa lenyewe linataka nini? Chukua hati ya mashtaka. Asiyenayo akaiombe kwenye rejista ya mahakama akitaja namba ya kesi. Soma pale palipoandikwa kifungu. Umenisomea kwa simu kwamba ni kifungu cha 3 cha sheria ya dawa za kulevya, yaani kupatikana na dawa. Shukuru hapo, maana kifungu cha 4 ni ulanguzi, na hiyo ni bahari nyingine, nitaigusa kwenye barua inayofuata.

Kupatikana si kuwa karibu na kitu. Sheria inasema kitu kiko mikononi mwako hata kama kimewekwa mahali pengine au kwa mtu mwingine, ili mradi ni kwa matumizi au faida yako. Wakiwa watu kadhaa, na mmoja anacho huku wenzake wanajua na wameridhia, wote wamehesabiwa kuwa nacho. Neno la kushika ni kujua. Dereva wa tuktuk hubeba watu arobaini kwa siku, na kiti cha nyuma hakioni. Nani alikuwa amekaa juu ya ule mfuko? Ulikuwa mbele ya kiti au umesukumwa ndani kabisa? Mwanao alisema nini wakati ule, na nani alisikia? Yule abiria aliyeachiliwa kituoni, jina lake limo kwenye OB, daftari la matukio la polisi? Hayo ndiyo maswali ya wakili. Andikeni majibu sasa kabla hayajachanganyika, kwenye daftari la shule, kwa maneno yake mwanao. Msimpe mtu mwingine yeyote asome.

Ushahidi nao ana haki ya kuuona kabla ya kesi kusikizwa: maelezo ya mashahidi, karatasi ya vielelezo, na ripoti ya Mkemia wa Serikali. Ile misokoto haiwi bangi kwa sababu askari ameinusa. Ni lazima mchambuzi aipime aseme ni nini. Na misokoto iliyofika kwake iwe ndiyo ileile mitano iliyotoka chini ya kiti, kila mkono uliopitia ujulikane. Nimeona kesi ambapo hati ya mashtaka inasema mitano na ripoti inasema minne. Wakili aliyesoma karatasi zake alikaa kimya mpaka shahidi wa tatu, kisha akauliza swali moja.

Dhamana. Katiba, kifungu cha 49, inampa aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa masharti yanayofaa, isipokuwa kuna sababu nzito. Dhamana inayomshinda mtu kabisa inaweza kuombwa ipunguzwe, na hata bila wakili mwanao anaweza kunyanyua mkono siku ya kutajwa akasema, "Mheshimiwa, naomba masharti yapunguzwe, mama yangu anauza mahamri." Akikataliwa hapo, Mahakama Kuu ina uwezo wa kupunguza. Uliza pia kama badala ya pesa taslimu watakubali mdhamini, mwenye pikipiki yenye hati, au mwenye ajira na karatasi ya mshahara. Mkilipa taslimu, risiti ifunge kwenye kanga. Pesa hiyo ni amana, inarudi kesi ikiisha kama amehudhuria siku zake zote, na mhasibu atataka kuiona risiti ile.

Sasa bwana wa 15,000. Usimpe. Nawajua hao, wengine tulisalimiana kila asubuhi. Ana bahasha chini ya kwapa, anajua majina ya makarani, anasema "nimeongea na wakubwa". Hapa mjini huitwa mabroka. Wapo wanaokupeleka kwa wakili halisi wakachukua chao njiani, na wapo wanaokula wakapotea kabisa. Pesa ya "kumaliza mambo" ni hongo, na mtoaji anashtakiwa pamoja na mpokeaji. Utakuwa na kesi mbili na mtoto mmoja.

Kwa 15,000 hiyohiyo, kama unayo, fanya hivi: ongeza elfu tano, mtoe mwanao. Wakili atafutwe mtu akiwa nje. Na kama huna hata senti, nenda Kituo cha Sheria, shirika lililoanza mwaka 1973 na lina ofisi Mombasa, au MUHURI, shirika la haki za binadamu, ukaombe msaada bila kuona haya. Serikali nayo ina huduma yake ya kitaifa ya msaada wa kisheria chini ya sheria ya 2016. Katiba inasema mshtakiwa apewe wakili kwa gharama ya serikali pale ambapo bila wakili atadhulumika pakubwa. Sikufichi, kwa misokoto mitano hakimu hatakimbilia kulitoa hilo. Liombe hata hivyo, na liandikwe kwenye jalada kwamba liliombwa.

*

Assalaam aleikum Bi Karani. Mimi ni mzaliwa wa Likoni, nafanya kazi za nyumbani Doha. Kaka yangu amekamatwa na kete za unga, yaani heroini, na amesomewa shtaka la ulanguzi. Dada yangu kapata wakili anayetaka 150,000 zote kwa mkupuo, zitumwe kwa namba ya simu ya kijana wake. Ni mshahara wangu wa miezi. Nitajuaje kama ni wakili kweli? Na kwa siri nikuambie, kaka ni mtumiaji, najua, sote twajua.

Dada wa Doha

Waaleikum salaam, mwanangu. Usitume bado.

Mwambie dada akupe jina kamili la wakili kama lilivyo kwenye daftari la mawakili, si "Wakili Mwalimu" wala "Mheshimiwa". Chama cha Mawakili wa Kenya, LSK, kina mahali pa kutafuta mawakili kwenye mtandao wake. Hata ukiwa Doha utaingia kwa simu. Angalia kama yumo na kama ana cheti cha mwaka huu, kwa sababu cheti cha kufanyia kazi huisha kila tarehe 31 Desemba. Asiyehuisha haruhusiwi kusimama kortini, hata kama ofisi yake ina kiyoyozi. Oktoba 2023 nchi nzima ilicheka na kushangaa habari za mtu aliyedaiwa kufanya uwakili bila kusajiliwa, na watu wakimsifu kwa kushinda kesi. Picha iliyoko pale LSK ilinganishwe na uso wa mtu. Dada aende ofisini kwake, asikutane naye hotelini.

Pesa iende kwenye akaunti ya kampuni ya wakili, kwa jina la kampuni, na risiti ije. Simu ya "kijana wake" haina risiti. Na 150,000 ni ya nini? Hapo ndipo watu wengi wa Ughaibuni huumia. Kuna wakili anayetoza kwa ajili ya dhamana peke yake, kuna anayetoza mpaka hukumu, na wewe huko unadhani umelipia safari nzima kumbe umelipa nauli ya feri. Taka barua fupi: kazi ni ipi, inaishia wapi, inalipwa kwa vipande vipi. Wengi hukubali vipande ukiuliza. Muulize pia kama atakuja mwenyewe kila siku ya kesi au atamtuma mwenzake amshikie nafasi, na ni kesi ngapi za dawa amezifikisha hukumuni. Si ngapi alizoshinda. Atakayekuahidi ushindi, aga uondoke.

Jambo moja ujue mapema lisije likakukera: wewe ndiwe mlipaji, lakini mteja ni kaka yako. Wakili mzuri atakataa kukuambia kila neno aliloambiwa na kaka rumande. Hilo ni dalili njema.

Kuhusu shtaka. Ulanguzi chini ya kifungu cha 4, kwa unga wa gramu 1 hadi 100, adhabu yake tangu 2022 ni faini isiyopungua shilingi milioni 30 au miaka 30, au vyote viwili. Kupatikana tu na kiasi hichohicho chini ya kifungu cha 3, adhabu yake ni nyepesi zaidi. Unaona pengo? Unga ni uleule na kete ni zilezile, ila neno moja kwenye hati ya mashtaka linabeba miaka mingi. Wakili wenu kazi yake kubwa iko kwenye neno hilo. Walimkuta akiuza, au walimkuta tu nazo? Kulikuwa na mizani, pesa za noti ndogondogo, mnunuzi? Au kulikuwa na kete na bomba la sindano?

Na gramu zimepimwaje? Sheria ina utaratibu wake: kupima kufanywe na maafisa walioidhinishwa, sampuli zichukuliwe na mchambuzi aliyeteuliwa, na inapowezekana iwe mbele ya mshtakiwa na wakili wake. Kete hufungwa kwa nailoni, na nailoni nayo ina uzito. Kama kaka hakuwepo wakati wa kupima, wakili aulize kwa nini.

Upo mlango mwingine, makubaliano na upande wa mashtaka, ambayo huandikwa, na shtaka linaweza kushushwa kutoka ulanguzi. Hilo ni la wakili kuzungumza, na kaka aelewe kila mstari kabla ya kutia sahihi. Mahakama ikiridhika kwamba mtu ni mraibu na kitu kilikuwa cha matumizi yake, sheria inaruhusu sehemu ya kifungo itumikiwe kwenye kituo cha kurekebisha tabia. Kwa hivyo siri yako si aibu, ni sehemu ya utetezi, mradi itoke kwa wakili kwa wakati wake. Isitoke kwa dada kituoni akiwaambia askari "jamani huyu anatumia tu". Nimeona jamaa wakiyasema hayo kwa mapenzi, na yakaandikwa.

Na kama kaka yuko ndani na arosto, yale maumivu ya kukosa unga, ni mgonjwa. Dada amwambie afisa wa afya wa gereza, na amuulize kuhusu methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa unga. Kisauni kuna kliniki yake, na kama kaka alikuwa amesajiliwa huko, kadi yake ipelekwe leo. Mtu mwenye arosto hukubali lolote, hata shtaka, ili tu aondolewe kwenye chumba kile. Nilishawahi kumsomea mmoja shtaka huku anatetemeka mpaka kizimba kinalia. Hakimu aliahirisha mpaka alipotibiwa.

*

Bi Karani, nauza miraa Lunga Lunga na nina wateja Tanga. Nikishikwa upande wa pili wakili wangu wa Ukunda atanisaidia?

Mfanyabiashara, Kwale

La. Huku miraa ni zao, ina soko na ushuru wa kaunti. Ukivuka mpaka pale Horohoro na kitita kilekile, sheria ya Tanzania ya 2015 inaiita mirungi na kuiweka kwenye dawa za kulevya pamoja na bangi. Hutapata nafuu kwa kusema kwenu ni halali; utashtakiwa huko, na utahitaji wakili aliyesajiliwa huko. Wa Ukunda anaweza kukutafutia jina, basi. Wateja wako wa Tanga waambie waje wanywe chai Lunga Lunga.